Mavuno Bila Pombe

Shamba la Bryn Eithin, mali ya monasteri ya Nant Celyn, nchi ya Wales. Mwaka wa Bwana 1221.

Julai 20

Nimefika nikiwa nimelowa chapachapa. Maili kumi na nne kwa miguu, na mvua haikunipa nafasi hata ya kukamua kanzu. Msimamizi wa shamba hili, Bruda Cynfor, alianguka kutoka juu ya paa la ghala wiki mbili zilizopita akafa. Desturi ni kwamba bruda hufuatwa na bruda, lakini Baba Abati amenituma mimi, Padre Idnerth, mtawa wa kwaya, mtu wa kunakili vitabu, ambaye sijashika mundu tangu nizaliwe. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Hukai mahali pamoja, Idnerth. Umeomba kutoka chumba cha vitabu. Umeomba kutoka kwaya. Umeomba kwenda Roma. Basi nenda Bryn Eithin."

Mabruda wa hapa ni kumi na wawili. Wameweka nadhiri kama sisi, ila kazi yao ni jembe na yetu ni zaburi. Hawajui kusoma. Wanajua Baba Yetu, Salamu Maria, na kunyamaza kwa namna inayomfanya mtu ajione mjinga. Watatu nimekwisha kuwatambua. Tegwared, mzee wa miaka sitini, ndiye anayeongoza wavunaji, na kila mtu alitegemea kwamba angeteuliwa yeye. Gwrgi ni mpishi na mpika pombe, mwembamba, mdomo wembe. Meurig analima kwa maksai. Ni mkubwa kama mlango wa kanisa na hajatoa neno.

Wamenipa kitanda cha marehemu. Tundu la paa la ghala alilokuwa akiliziba halijazibwa.

Julai 21

Mvua.

Julai 22, Mtakatifu Maria Magdalena

Mvua. Nimetembea kutoka ghalani hadi zizini na kurudi, sijui mara ngapi. Gwrgi alikuwa amekaa mlangoni akimenya vitunguu.

"Thelathini na moja," akasema. "Padre, kama unatafuta njia ya Roma, iko upande ule."

Kumbe habari zangu zimenitangulia.

Julai 25

Mvua. Nasali nikiwa nimesimama kwa sababu nikipiga magoti nawaza kuondoka. Nikilala nawaza kuondoka. Nikila vilevile. Sina ninakotaka kwenda. Hilo ndilo linalonichosha.

Julai 29

Jua, kwa mara ya kwanza. Nilimwona Tegwared akivunja suke la ngano, akapukusa punje kiganjani, akaziuma moja moja kama mtu anayeonja chumvi.

"Bado siku tatu," akasema.

Nikamwambia Baba Abati anataka nafaka mapema, na jua hili tusilichezee. Tukate leo.

Akanitazama kidogo. "Wewe ndiye msimamizi, Padre."

Tukakata. Saa sita mchana mawingu yakatanda juu ya mlima, na saa nane tulikuwa tunakimbiza miganda kwenda ghalani chini ya mvua ya mawe. Nusu ya tuliyokata imelala matopeni. Itachipua kabla ya Jumapili na kufaa nguruwe tu. Nilingoja Tegwared aseme neno. Kama angenitukana ningelala vizuri. Hakusema chochote, alikwenda kunoa mundu wake.

Agosti 1, Mtakatifu Petro Aliyefungwa Minyororo

Zimepita siku tatu, na ngano imekauka kama alivyosema. Leo nilimwambia mbele ya wote, "Bruda Tegwared, kuanzia sasa siku ya kukata na ya kuacha utaisema wewe." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kofia yake.

Nikashika mundu mwenyewe. Nilimaliza mstari mmoja wakati wenzangu wamemaliza minne, kisha nikajikata kidole cha kushoto.

"Padre," Gwrgi akapaza sauti, "inayokatwa ni ngano!"

Wakacheka, hata Meurig mabega yalimtikisika. Tegwared alinifunga kidole kwa utando wa buibui na kitambaa, akanionyesha jinsi ya kukusanya mabua kwa mkono wa kushoto, dole gumba likitazama juu. Mikono yake migumu kama pembe, lakini kitambaa alikifunga bila kuniumiza.

Adhuhuri Gwrgi alikuja na punda aliyebeba pipa. Pombe ya shayiri, nyepesi, chungu kidogo, ya baridi kutoka shimoni. Bakuli mbili kwa kila mtu. Kijito cha hapa hakinywewi majira ya joto. Malisho ya kondoo yako juu yake. Nilikunywa zangu mbili.

Agosti 2

Usiku, kwa mara ya kwanza, nililala moja kwa moja hadi kengele. Nimevuna mistari miwili.

Agosti 4

Mitatu. Mgongo unauma mpaka nashindwa kuinama kwa Baba Yetu, nikaisema nikiwa nimejikunja kama mundu wenyewe. Gwrgi akasema malaika wamenielewa.

Agosti 6

Leo Meurig alizungumza. Tulikuwa tumeketi chini ya mkokoteni tukingoja manyunyu yapite. Nilimuuliza kwa nini aliingia utawani.

"Kengele," akasema.

"Kengele?"

"Nilikuwa napeleka mawe Nant Celyn kwa mkokoteni. Kengele ikilia, watu wote wanaacha kazi. Wote kwa pamoja. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuacha chochote kwa ajili ya kitu chochote."

Nimeisikia kengele ile miaka kumi na minne, na kila ilipolia nilisonya.

Agosti 9

Amekuja mjumbe na barua ya Baba Abati. Nimeisoma mara nne. Natakiwa kuwasomea kesho.

Agosti 10, Mtakatifu Laurenti

Niliwakusanya uani baada ya sala ya asubuhi. Barua ni ya Kilatini, nikaisoma kwanza kama ilivyo, maana nilitaka kuchelewa. Wakasikiliza kwa heshima, kofia mkononi. Kisha nikaitafsiri.

Kuanzia sikukuu hii, pombe imekatazwa katika mashamba yote ya monasteri. Ulevi wa mabruda umeleta ghasia katika nyumba nyingine za shirika letu, na Baba Abati hataki zifike kwetu. Mabruda watakunywa maji, kama walivyokunywa mababa wa jangwani.

Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Hebu isome tena," Gwrgi akasema. "Ile sehemu ya jangwani."

Nikaisoma.

"Na hao mababa wa jangwani walikuwa wanavuna ekari ngapi kwa siku?"

"Gwrgi," Tegwared akamwonya.

"Nauliza tu, mzee. Padre kasoma, mimi nauliza. Yeye Baba Abati anakunywa nini?"

Hapo ndipo pagumu. Baba Abati hanywi pombe wala divai. Hula mara moja kwa siku, hulala juu ya ubao, na magoti yake yana sugu kama ya ngamia. Angekuwa mnafiki ingekuwa rahisi. Nikajibu, "Maji."

"Maji ya wapi?"

Sote tunajua ni ya wapi. Nant Celyn ina chemchemi chini ya jabali, na mfereji wa mawe unaoleta maji hadi mlango wa jikoni.

"Ule mfereji tuliujenga mimi na Meurig," Gwrgi akasema. "Majira mawili ya baridi. Maji matamu sana. Mpe pongezi zangu."

Tegwared akavaa kofia yake. "Ngano haijui habari za barua," akasema. "Twendeni."

Wakaenda. Nilimwaga mapipa matatu mwenyewe, kama nilivyoagizwa. Nguruwe walifurahi.

Agosti 11

Joto. Gwrgi amechemsha maji na mnanaa, lakini watu kumi na watatu juani hunywa pipa zima kabla ya adhuhuri, na hakuna anayengoja chungu kipoe. Nimewaona wakiinama kijitoni. Mimi pia niliinama.

Agosti 12

Joto. Kijito.

Agosti 14

Wawili wanaharisha. Tegwared anasema ni kawaida, matumbo yatazoea.

Agosti 15, Kupalizwa kwa Mama Maria

Hakuna kazi leo. Wanaougua ni watano. Niliadhimisha misa nikitoka jasho, nikakimbilia nje kabla ya baraka ya mwisho. Gwrgi alinikuta nyuma ya zizi nimeshika ukuta.

"Mababa wa jangwani," akasema, akanipa kitambaa.

Agosti 16

Nimemwandikia Baba Abati. Nimeeleza kijito, joto, wagonjwa sita pamoja nami. Nimeomba turuhusiwe pombe hadi mavuno yaishe, nyepesi, bakuli moja. Nimempa punda bora mpeleka barua.

Agosti 17

Hakuna jibu. Tumevuna robo ya kawaida. Natembea tena kutoka ghalani hadi zizini, ila siku hizi Gwrgi hahesabu.

Agosti 19

Jibu limekuja. Mistari mitatu. Baba Abati anatuombea. Anasema mwili hulalamika unaponyang'anywa ulichozoea. Anasema nilitumwa kuwaongoza mabruda na si kuongozwa nao.

Sikuwasomea. Niliichoma jikoni. Gwrgi aliona, akageuza uso na kuendelea kukoroga uji.

Nilimwambia, "Pika pombe."

"Umesemaje?"

"Umenisikia."

"Padre, hata nikianza sasa hivi, itanyweka baada ya siku sita." Aliweka mwiko chini. "Ungeniambia siku ile ilipokuja barua ya kwanza."

Ndiyo. Ningemwambia siku ile.

Agosti 21

Meurig ameanguka shambani. Ilibidi watu wanne kumbeba. Hapati choo ila damu.

Agosti 22

Meurig. Nimekaa naye kutwa. Gwrgi anamtilia maji ya mnanaa yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, naye anayatapika yote. Mtu mkubwa namna hii, na kila ninapomgeuza ubavuni anazidi kuwa mwepesi.

Agosti 24, Mtakatifu Bartolomeo

Asubuhi Meurig aliuliza kama wengine wamekwenda shambani. Nikamwambia wamekwenda, kumebaki kipande cha upande wa mto. Akasema, "Maksai wa kushoto asifungwe nira mpya, inamchubua." Nikamwambia nitasema. Nilimpaka mafuta matakatifu. Alijaribu kusema Salamu Maria, akakwama kwenye "sasa," akairudia hiyo "sasa" mara kadhaa, kisha akaiacha.

Alifariki kabla ya adhuhuri, mlango ukiwa wazi, jua likimwangukia miguuni. Nikatoka nikapiga kengele ndogo ya shamba. Kutoka uani naliona shamba lote. Niliwaona wakinyooka, mmoja mmoja, mundu mkononi, wakaacha kazi wote kwa pamoja.

Agosti 25

Tumemzika kando ya Cynfor. Baada ya mazishi Tegwared alichukua fimbo akapanda kufuata kijito bila kumwambia mtu. Akarudi saa tisa, kanzu yake ikinuka. Kuna kidimbwi juu ya malisho. Ndani yake kuna kondoo watatu waliokufa, wameoza, labda tangu mvua za Julai.

Gwrgi alikaa chini palepale. "Kwa hiyo ni kondoo," akasema.

"Ni kondoo," Tegwared akajibu. "Na ni barua. Kila mwaka kuna mzoga mle juu, Gwrgi. Kila mwaka tunakunywa pombe."

Mimi nilimwaga mapipa matatu kwa mikono hii. Tegwared hakulisema. Amekuwa mtu wa kutosema tangu nilipofika, na sasa nimeelewa kwamba hakuwa ananidharau. Ananionea huruma, na hilo halivumiliki.

Agosti 26

Ngano imekwisha kuvunwa. Ghala limejaa hadi kwenye boriti. Pombe mpya iko tayari. Hakuna aliyeimba.

Agosti 29, Kukatwa Kichwa kwa Yohane Mbatizaji

Nitaandika kila kitu nisije kesho nikajidanganya.

Asubuhi amefika Padre Serlo, mtunza ghala wa monasteri, juu ya farasi, na mikokoteni sita nyuma yake. Amekuja kuchukua nafaka. Ni mtu mnene, si mbaya, ana haraka siku zote. Alikuta lango la ghala limefungwa na mabruda kumi na mmoja wamesimama mbele yake, mikono mitupu. Miundu yote Tegwared alikuwa ameifungia ndani tangu alfajiri, kwa busara yake mwenyewe.

"Nini hiki?" Serlo akauliza.

"Nafaka haitoki, Padre," Tegwared akasema. "Baba Abati aje mwenyewe. Aone kaburi, aone kijito. Tunampa nafaka yake yote siku hiyohiyo. Hatutaki kingine."

"Unamwekea Baba Abati masharti?"

"Namwalika."

Serlo akanigeukia mimi. "Idnerth. Ufunguo uko kwako?"

Ulikuwa kwangu, kiunoni. Nikasema uko kwangu.

"Fungua."

Miguu yangu, ambayo haijawahi kutulia mahali popote, ilikataa kutoka pale. Nikasema, "Padre Serlo, shuka. Njoo uone kaburi. Si mbali."

"Najua kuna bruda amekufa. Tumemwombea." Akafuta jasho. "Mtu akizoesha tumbo lake pombe miaka ishirini, litayakataa maji ya Mungu. Asingekuwa mlevi angekuwa hai. Haya, fungua."

Akampiga farasi kisigino ili apite katikati ya watu. Mimi nikashika hatamu. Farasi akashtuka, akainua kichwa, nikazidi kushika. Hapo Gwrgi akapita kando yangu kama paka, akamshika Serlo kwa kanzu na mkanda, akamvuta chini. Aliangukia bega; nilisikia mfupa ukilia. Gwrgi akainua ngumi, na Tegwared, mzee wa miaka sitini, akamkumbatia kwa nyuma akamnyanyua juujuu.

"Meurig hakuwa mlevi!" Gwrgi alikuwa anapiga kelele huku miguu inaelea. "Sema! Sema hakuwa mlevi!"

Serlo alikuwa amelala matopeni, uso mweupe kama nta. Akasema, "Hakuwa mlevi." Sijui kama ni maumivu yalimsemesha. Tulimfunga bega, tukamlaza kwenye mkokoteni wa kwanza juu ya majani. Gwrgi mwenyewe aliweka majani hayo, mengi kupita kiasi.

Mikokoteni sita imerudi mitupu.

Agosti 31

Hakuna habari. Tunangoja askari wa bwana wa eneo, au Baba Abati, au moto kutoka mbinguni.

Septemba 3

Hakuna habari.

Septemba 7

Hakuna habari. Nimeziba tundu la paa. Tegwared alishika ngazi.

Septemba 11

Mchungaji mmoja amepita akitoka Nant Celyn. Anasema watawa wa kwaya wanakula maharagwe na majani ya tanipu, chakula cha ng'ombe, na wagonjwa mkate wa pumba. Gwrgi akasema, "Safi." Kisha akauliza, "Hata yule mzee wa chumba cha wagonjwa, Padre Afan? Yule asiye na meno?" Hata yeye.

Padre Afan alinifundisha kuchonga kalamu.

Septemba 13

Tegwared amekuja kuniona nikitembea uani. "Padre," akasema, "wale wazee hawakuandika barua yoyote."

"Najua."

"Toa ufunguo."

Tumepakia mkokoteni mmoja, ngano safi. Mmoja tu. Gwrgi alipandisha juu yake kipipa cha pombe akakifunika na magunia. Nilimwuliza ni cha nani. "Cha asiye na meno," akasema. "Na kama yule mnene bega linamuuma, anaweza kuonja."

Nitaupeleka mimi. Tegwared alitaka kwenda, nikamkatalia. Ni amri ya kwanza niliyotoa hapa inayofaa.

Septemba 14, Kutukuka kwa Msalaba

Nilifika saa ya tisa. Hakuna aliyenipokea ila mabawabu. Baba Abati alikuja uani peke yake, makubadhi miguuni, amekonda kuliko nilivyomwacha. Ameacha hata maharagwe, nilisikia baadaye, ili wengine wapate.

"Umekuja kutubu?" akauliza.

"Nimekuja kuleta ngano. Na kukualika kwenye kaburi la Bruda Meurig."

"Nimesoma barua yako ya Agosti kila siku," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni wewe, Idnerth. Nilidhani ni kutotulia kwako tu kumepata kisingizio kipya."

Mwezi mzima nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumtupia. Sikuyaona yalikokwenda. Nilimwambia kwamba na mimi ningedhani hivyohivyo.

Hakuja kaburini. Alisema jambo limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye: mtunza ghala amevunjwa bega, na maabati wawili wa nyumba jirani wanakuja kuchunguza. Nikafungiwa chumba kidogo cha adhabu, chenye ubao na dirisha.

Septemba 15 hadi 24

Dirisha linatazama mfereji wa mawe. Nasikia maji mchana kutwa. Mfereji umejengwa vizuri, hakuna jiwe lililochezacheza. Hatua saba kwenda, saba kurudi.

Septemba 29, Mtakatifu Mikaeli

Kesi imekwisha.

Mabruda wote kumi na mmoja waliletwa kwenye chumba cha baraza, ambamo kwa kawaida hawaruhusiwi kuingia. Walisimama wakishika kofia. Maabati wawili wageni waliketi na Baba Abati katikati. Serlo alikuwa pembeni, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Yule mgeni mkubwa wa umri, mwenye sauti kavu, aliuliza ni nani aliyemwekea mikono mtunza ghala.

Hakuna aliyejibu.

"Basi mtafukuzwa wote, mvue kanzu leo, mwende mlikotoka."

Tegwared ameishi humu miaka arobaini na moja. Hana alikotoka. Nikasimama.

"Mimi nilishika hatamu za farasi," nikasema. "Nisingeshika, asingeanguka."

"Na aliyemvuta?"

Hilo sikulijibu. Akaniamuru kwa nadhiri yangu ya utii. Akaniamuru mara ya pili, na nadhiri ile niliiweka nikiwa na miaka ishirini. Angeamuru mara ya tatu sijui ningefanya nini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

"Aaa, mwacheni," Gwrgi akasema kutoka nyuma. "Padre hajui kudanganya na hajui kunyamaza, mnamtesa bure. Ni mimi. Mkono huu na huu."

Serlo akainuka kwa shida. Akasema kwamba kabla ya kuvutwa alitoa neno kuhusu marehemu, neno ambalo hakupaswa kulitoa, na angependa liandikwe. Baba Abati alifunika macho kwa mkono wake.

Hukumu ni hii. Nafaka yote iletwe. Pombe nyepesi irudi mashambani kuanzia sikukuu ya Petro wa Minyororo hadi ya Mikaeli, kwa sababu ya maji. Tegwared awe msimamizi wa Bryn Eithin. Gwrgi na mimi tutakwenda kwa miguu, bila viatu, hadi nyumba mama ya shirika letu kule Burgundy, ng'ambo ya bahari, tukaombe msamaha mlangoni. Kisha tutakaa huko ama kurudi, kama watakavyoamua wao. Mimi nitakula sakafuni mwaka mmoja, Gwrgi miwili.

Tulipokuwa tunatoka, Baba Abati alinishika mkono. "Nitakwenda kaburini kesho," akasema. "Si kwa sababu wameniamuru."

Oktoba 2

Amekwenda. Mabawabu wanasema alirudi na matope magotini na hakula.

Oktoba 4

Tumeanza safari. Njia ya bandarini inapita chini ya Bryn Eithin. Baridi ya asubuhi inakata nyayo, na kila hatua nagundua jiwe ambalo sikulijua. Gwrgi anatembea mbele, analalamika kwa utaratibu, kwanza kisigino cha kulia, kisha cha kushoto.

"Burgundy wanapika pombe?" akaniuliza.

"Wanakamua divai."

"Mungu atusaidie."

Nikamwuliza kama anajuta. "Najutia bega," akasema. "Si sana. Na wewe?"

Nikamwambia mapipa matatu. Akaitikia kwa kichwa, hakujaribu kunifariji, nami nikashukuru.

Tulipofika kwenye kona tuliliona shamba lote la upande wa mto. Lilikuwa limelimwa, jeusi. Wale wengine walikuwa ndani yake wamejipanga mstari, mifuko ya mbegu begani, wanapanda ngano ya majira ya baridi. Walituona. Wakasimama. Hawaruhusiwi kusema na watu walio katika adhabu, kwa hiyo walisimama tu, wakavua kofia.

"Usigeuke, Padre," Gwrgi akasema bila kupunguza mwendo. "Ukigeuka watalia, na Tegwared akilia anafanana na kondoo."

Nilikwenda hatua kumi. Kisha nikageuka.

Wote walikuwa bado wamesimama isipokuwa Tegwared. Yeye alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake na kurudi kazini, mkono wake ukichota na kutupa, ukichota na kutupa, na maksai wa kushoto, mwenye nira ya zamani, alikuwa nyuma yake akivuta haro ya kufukia mbegu.